Kabla ya kuomba daraja la Fellow: yanayotakiwa kuwa mezani kwanza

Advance HE, chombo cha Uingereza kinachoshughulikia ubora wa elimu ya juu, hutambua ufundishaji wa vyuo vikuu kwa madaraja manne: Associate Fellow, Fellow, Senior Fellow na Principal Fellow. Anayefaulu huongeza herufi baada ya jina lake, kwa mfano FHEA kwa daraja la Fellow. Sehemu ya HEA ni kifupi cha Higher Education Academy, iliyoungana na vyombo vingine viwili mwaka 2018 ikazaliwa Advance HE. Chombo kikabadili jina, herufi zikabaki. Mhadhiri wa Dar es Salaam, Eldoret au Muscat anaweza kuomba kama anavyoomba wa Leeds. Hata kipimo chenyewe cha kutolea madaraja, kilichokuwa na jina la Uingereza ndani yake hadi mwaka 2023, sasa kinaitwa tu Professional Standards Framework, kwa kifupi PSF.

Kosa linaloharibu maombi mengi hutokea kabla ya sentensi ya kwanza: mtu anaanza kuandika hajakusanya kitu.

Anza na kuchagua daraja. Usipime kwa miaka kazini wala kwa cheo. Profesa aliyefundisha miaka 20 bila kuwahi kuwaongoza wenzake katika ufundishaji anafaa Fellow, na hakuna aibu hapo. Mhadhiri wa miaka 7 anayewalea wakufunzi wapya, aliyesimamia mabadiliko ya mitihani ya idara nzima na wenzake wakabadilika kweli, anaweza kuomba Senior. Associate huwafaa wasaidizi wa wahadhiri, wakutubi, mafundi wa maabara na wanafunzi wa uzamivu wanaofundisha semina, kwa kuwa hapo inatosha kuonyesha maeneo mawili ya kazi kati ya matano. Principal ni kwa walioacha alama katika mikakati ya chuo kizima au zaidi ya chuo. Ukiomba daraja la juu kuliko kazi unayoifanya, hakuna uandishi utakaoziba pengo hilo.

Kisha chapisha PSF na uiweke mbele yako. Ina vipengele 15 katika mafungu matatu ya vitano vitano: maeneo ya kazi (A1 hadi A5), maarifa ya msingi (K1 hadi K5) na maadili ya taaluma (V1 hadi V5). Maeneo ya kazi ni kupanga masomo, kufundisha, kutathmini na kutoa mrejesho, kuwasaidia na kuwaongoza wanafunzi, na kujiendeleza mwenyewe. Kwa Fellow unadaiwa vyote 15. Chora jedwali la safu 15, na mbele ya kila kipengele andika tukio moja: kozi gani, mwaka gani, wanafunzi wangapi, nani anaweza kulithibitisha. Kwa Fellow, chukua mambo ya miaka 3 ya karibuni. Kozi nzuri uliyofundisha zamani iache, hata kama unaipenda.

Jedwali hilo litakuonyesha mashimo mapema. Mara nyingi shimo huwa K5, yaani taratibu za ubora, kwa sababu wengi huziona kuwa kazi ya ofisi. Lakini kama umewahi kurekebisha mtihani baada ya ripoti ya mtahini wa nje, hiyo ni K5, na ripoti yenyewe ni ushahidi. Wengine hukata tamaa kwenye A1 kwa kuwa silabasi waliirithi. Kupanga hakuishii kwenye silabasi: kuamua saa mbili za semina zitatumikaje, zoezi lipi litangulie na kwa nini, nako ni kupanga.

Ushahidi uweke kwenye faili moja tangu leo. Hifadhi tathmini za wanafunzi, maelezo ya mwenzako aliyekaa nyuma ya darasa lako, ripoti za watahini wa nje, mpango wa somo wa zamani pamoja na mpya, na mifano ya mrejesho ulioutoa, majina ya wanafunzi yakiwa yamefutwa. Alama 4.6 kati ya 5 peke yake haisemi kitu. Ieleze: ilikuwa ngapi kabla, nini kilibadilika, na wanafunzi wangapi walijibu.

Sasa uandishi wenyewe. Simulizi ya Fellow ni kama maneno 3,000, nayo huisha upesi ukianza kueleza wasifu wako. Tuseme mtu ameandika: “Ninaamini katika ushirikishwaji na hutumia mbinu mbalimbali kuwahamasisha wanafunzi wangu wa takwimu.” Sentensi hiyo angeweza kuiandika yeyote, kwa somo lolote. Ilinganishe na hii: “Katika darasa la wanafunzi 180, jaribio fupi la wiki ya 3 lilionyesha kwamba wengi wanakokotoa wastani vizuri ila hawawezi kusema unamaanisha nini. Niliacha kuanza semina na kanuni; nikaanza na jedwali la bei za sokoni, wakabishana wawili wawili kwanza. Wiki ya 6 nilirudia jaribio, majibu ya maelezo yakawa bora, ila wanaochelewa semina walibaki nyuma, hivyo muhula uliofuata nikaweka zoezi hilo pia mtandaoni.” Hapo kuna kitendo, sababu, matokeo, na kasoro iliyozaa hatua nyingine. Mpitiaji, yaani anayepima maombi yako, anaona A1, A2, K3 (kuchunguza kama ufundishaji unafaa) na K4 (kutumia teknolojia na nyenzo) bila kuambiwa. Alama za vipengele hivyo ziandike hata hivyo, mwisho wa sentensi inayohusika, lakini usizirundike: sentensi moja yenye alama saba haithibitishi hata moja.

Andika “mimi”. Wahadhiri wetu wengi wamelelewa kusema “tulifanya”, na ni adabu njema, lakini mpitiaji anapima kazi ya mtu mmoja. Kama kozi mliijenga watu wanne, taja sehemu uliyoishika wewe. Marejeo ya kitaalamu yanahitajika, hasa kwa V3, yaani kufundisha kwa kutegemea utafiti na ushahidi, ila nadharia iwekwe pale ilipobadilisha uamuzi wako. Aya nzima ya nadharia bila darasa inakula maneno bure.

Wadhamini wawili, yaani watu wa kuithibitisha kazi yako kwa maandishi, uwatafute mapema, angalau wiki 6 kabla. Wachague waliokuona ukifundisha au wanaoijua kazi yako kwa karibu. Mkuu wa kitivo asiyekujua ataandika sifa tupu. Wape PSF na rasimu yako, uwaombe wathibitishe mambo mawili au matatu mahususi waliyoyashuhudia.

Uliza pia kama chuo chako kina programu iliyoidhinishwa na Advance HE. Ikiwepo, huenda ukapata daraja ndani ya mafunzo ya chuo. Isipokuwepo, unaomba moja kwa moja na kulipa ada, ambayo kwa kawaida ni nafuu zaidi kama chuo ni mwanachama.

Usichanganye madaraja haya na National Teaching Fellowship, tuzo iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2000. Daraja hupewa kila anayefikia kipimo. Tuzo ile imekuwa ya ushindani, nafasi zikiwa na kikomo, na mtu hakujiombea: chuo chake cha Uingereza ndicho kilichompendekeza. Kazi ya timu nayo ilipata tuzo yake, CATE (Collaborative Award for Teaching Excellence), mwaka 2016.

Maombi yakirudishwa, hujafeli moja kwa moja. Wapitiaji hutaja vipengele ambavyo hawakuviona, nawe hupewa nafasi ya kurekebisha. Usiandike upya kila kitu. Rudi kwenye jedwali lako, tafuta tukio lililokuwa mbele ya kipengele hicho, na uangalie kama uliliandika au ulilibakiza kwenye faili.