Kabla ya kununua ubao wa kutelezea thelujini (snowboard), ulaze sakafuni

Kama unapenda kukata kona kwa ukingo wa chuma, ubao ukichora mstari mwembamba bila kuburuta, ulaze kwanza kwenye sakafu iliyonyooka na uchungulie ubavuni. Katikati ikiinuka milimita chache kama upinde, huo ndio wako. Ukisimama juu yake, upinde unabanwa na kusukuma uzito kuelekea ncha zote mbili, hivyo ukingo unashika theluji ngumu kwa urefu wake wote. Ubao uliopinda kinyume, tumbo chini na ncha juu, ni mtamu kwenye theluji laini na nzito, lakini kwenye barafu ncha zake zinachelewa kushika na kona inaponyoka.

Tazama pia mkato wa ubavuni, yaani jinsi ubavu wa ubao ulivyoingia ndani kama kipande cha duara. Duara hilo likiwa na nusu kipenyo cha mita 7 au 8, ubao hugeuka upesi. Kikizidi mita 10, ubao unataka kasi na nafasi.

Na upana wa ubao, jamani, watu huusahau! Buti likichomoza sana nje ya ubao, ukiinamisha ubao vidole vinagusa theluji, ukingo unanyanyuka nawe unaanguka ghafla.