Somo: Mashine ya kuoshea kapeti inayofungwa kwenye gari haivuti? Soma hapa kabla hujashika valvu

Naandika mara moja iishe, maana swali ni lile lile, "mkuu mashine yangu haivuti, nipandishe spidi ya injini?" Usipandishe kitu.

1. Osha filta ya ndani ya tenki la maji machafu. Kiangazi cha Dodoma na lile vumbi lake, osha kila ukimaliza nyumba.

2. Mkanda wa bloa (ile pampu inayovuta hewa) ukilegea kaza, ukichakaa badilisha.

3. Tafuta uvujaji. Washa mashine, ziba mdomo wa tenki bila hozi, soma geji ya mvuto. Funga hozi zote, ziba kule mwisho, soma tena. Ikishuka kuliko mwanzo, hozi au klampu inavuja. Ikiwa chini mara zote mbili angalia gasketi ya mfuniko na koki ya kumwagia maji, pitisha kipande cha tishu taratibu, kikinasa ndo hapo hapo.

4. Hozi iwe ya inchi 2 mpaka karibu na kazi, ile ya inchi moja na nusu iwe fupi tu ya mwishoni, kwa sababu tundu la inchi 2 ni kubwa karibu mara mbili. Na kama kazi iko karibu, hozi ya ziada itoe, mtu anasafisha sebule mtaa wa Kisasa gari liko mlangoni halafu roli zima la hozi limekunjwa ndani linambania hewa tu.

5. Valvu ya springi, ile inayoingiza hewa mvuto ukizidi. HAPA MNISIKILIZE. Ile valvu ni ya kulinda bloa, sio ya kuongezea nguvu. Fundi wa Dar anakwambia kaza mpaka geji isome inchi 14 za zebaki kama ya kwake, wewe uko Dodoma zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yenyewe huku ni nyepesi. Pwani hewa inasukuma kama inchi 30 za zebaki, huku ni kama 26. Kwahiyo geji ikisoma 12 huku bloa inafanya kazi kubwa kuliko ikisoma 12 Dar, na inapata moto zaidi. Zile rota za ndani hazigusani, nafasi yake ni ndogo sana, zikipata moto zinatanuka zinakwaruzana, bloa inajam. Usizidishe kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na kwa huku baki chini yake kidogo. Na usije ukaifunga kabisa "kujaribu".

6. Ukimaliza kazi iache ivute hewa kavu kidogo, kisha puliza oili kwenye mdomo wa bloa kama kitabu kinavyosema. Ikilala na unyevu inashika kutu.

MASWALI

Mdau: Mkuu naomba namba ya kukazia valvu.
Jibu: Soma 5.

Mdau: Nimefuata yote bado haivuti.
Jibu: Hozi ikizibwa geji inasoma ngapi?
Mdau: Geji imekufa kitambo.
Jibu: Sasa hayo yote umefuataje?

Dada wa Ilazo: Samahani kaka, yangu geji inapanda vizuri tu ila kapeti linabaki na maji. Inakuwaje?
Jibu: Swali zuri dada. Geji inaonyesha mvuto, lakini kinachobeba maji ni hewa inayopita. Hozi ikiziba geji inapanda na hewa haipiti. Inua wandi (ule mpini wa kuvutia maji) juu ya kapeti, geji inatakiwa ishuke sana, ikibaki juu kuna nyuzi au tope limekwama njiani. Tena fyonza vumbi kavu kwanza kabla ya kulowesha, vumbi letu likikutana na maji ni tope tupu.

Mdau: Kutafuta uvujaji situmii moshi wa udi tu?
Jibu: Pembeni ya injini ya petroli? Tumia tishu.

Dada wa Ilazo: Asante kaka, nimekuta soksi ya mtoto kwenye kiwiko cha bomba 😂 Na jeti, vile vitundu vya kupulizia maji, zinaziba kila mara, ni maji?
Jibu: 😂😂 Ndio, maji ya visima huku yana chumvi. Zitoe, loweka kwenye siki, suuza, usizichokonoe na sindano utatanua tundu.