Umeachishwa kazi na hela zako hujapewa? Nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaoshughulikia migogoro ya kazi), ni hivi

Kitu cha kwanza hesabu siku. Mi nilipoteza karibu mwezi mzima nampigia bosi, kila nikipiga ni "njoo Ijumaa", Ijumaa ikifika simu haipokelewi, kumbe siku zinakatika. Kwa huku Tanzania bara ukidai mshahara, likizo, notisi (hela ya kuachishwa bila kupewa taarifa mapema) au kiinua mgongo una siku 60 tangu mgogoro uanze, ila ukitaka kusema umeachishwa kimakosa ni siku 30 tu. Ukichelewa kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, lakini "bosi alinizungusha" sio sababu ya kuitegemea.

Kabla hujaenda piga hesabu yako mwenyewe, usiende na "hawajanilipa", sijui "nawadai hela nyingi". Mfano mshahara wa msingi ni 520,000 na unafanya kazi siku sita kwa wiki, gawa kwa 26 unapata 20,000 kwa siku. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, kwahiyo miaka mitatu na miezi mitano inahesabiwa mitatu, 420,000. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Juu yake weka siku ulizofanya kazi hujalipwa na likizo ambayo hukwenda.

Halafu wakikuletea karatasi yenye "nimepokea stahiki zangu zote" na hela yenyewe hujaiona, jamani usisaini.

Sasa fomu namba 1. Unaichukua ofisi ya CMA, kufungua ni bure. Ile sehemu B ni ya walioachishwa tu, na hapo kwenye matokeo unayotaka andika kila kitu na kiasi chake maana ukisahau notisi hapo kuja kuidai baadae ni shughuli. Nakala unampelekea mwajiri kwanza, asaini au agonge muhuri, akikataa tuma kwa rejesta posta na risiti utunze, ndo unarudi CMA na huo ushahidi. Beba mkataba, salari slipu, barua, na kama hukuwahi kupewa mkataba basi taarifa ya benki au meseji za M-Pesa zinazoonyesha mshahara unaingia.

Mnaitwa kwa msuluhishi, ana siku 30 za kuwapatanisha. Bosi wangu alilegea hapohapo, tukaandikishana tarehe ya kulipa. Mkishindwana inaenda kwa mwamuzi, na ukipata tuzo (uamuzi wake) halafu bosi bado hakulipi unaipeleka Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikazwe, yaani alazimishwe kulipa.