Namna ya kuandika mkataba wa mkopo utakaosimama mahakamani

Mkataba wa mkopo huandikwa na watu wawili wanaoaminiana, lakini anayekuja kuusoma kwa makini ni mtu wa tatu: hakimu asiyemjua yeyote kati yao. Mwandikie yeye. Ukimaliza, mpe karatasi mtu ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo, kisha muulize nani anamdai nani, kiasi gani, na lini. Pale atakaposita ndipo kesi itakapokwama.

Kabla ya kushika kalamu, hakikisheni makubaliano yapo kweli. Mmoja anapendekeza, mwenzake anakubali pendekezo lilelile. Anayejibu kwa kubadilisha masharti hajakubali. Ametoa pendekezo jipya, na lile la kwanza limekufa. Katika shauri la Hyde na Wrench, Uingereza, mwaka 1840, shamba lilitajiwa bei ya pauni 1,000. Mnunuzi akasema 950, akakataliwa, akarudi kuzikubali zile 1,000. Mahakama ikaamua kwamba hapakuwa na mkataba. Kwa hiyo jadilianeni mpaka mwisho, ndipo muandike. Wahusika wawe watu wazima wenye akili timamu, waridhie bila vitisho wala udanganyifu, na lengo liwe halali. Deni la rushwa halidaiki mahakamani hata likisainiwa mbele ya mashahidi kumi.

Andika majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, pamoja na namba yake. Weka na anwani ya makazi, kwa sababu huko ndiko wito wa mahakama utakakopelekwa. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno: 500,000 (laki tano), pamoja na jina la sarafu. Sufuri moja huongezwa kwa sekunde. Kuongeza neno ni kazi. Viwili hivyo vikipishana, kwa kawaida maneno ndiyo yanayofuatwa.

Kuna kitenzi kimoja kinachoangusha wadai wengi. “Atamkopesha” ni ahadi tu, haionyeshi kwamba fedha zilitoka mfukoni. Andika “amepokea leo, taslimu”, au taja namba ya muamala kama zimepita benki au kwenye simu. Mdaiwa akikana kupokea, mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayedai.

Ugonjwa mwingine ni “atalipa akipata nafasi”. Nafasi ya nani, na nani ataipima? Andika awamu: 100,000 kila tarehe 5 ya mwezi, ya kwanza mwezi fulani, ya mwisho mwezi fulani. Kisha ongeza sentensi ambayo watu wengi huisahau: akikosa awamu moja, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Bila sharti hilo, aliyekosa awamu mbili kwa kawaida utaweza kumdai 200,000 tu, na kusubiri tarehe za nyingine zifike.

Kama kuna riba, sema ni ya mwezi au ya mwaka, na inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye salio. Asilimia 10 ya mkopo wa mwanzo kila mwezi inafika asilimia 120 kwa mwaka, na sheria za nchi nyingi humruhusu hakimu kupunguza riba ya kukandamiza.

Kusaini nako kuna utaratibu wake. Kila ukurasa upate sahihi, nafasi tupu zipigwe mstari, na neno lililokatwa lisainiwe pembeni na pande zote mbili. Usisaini kamwe karatasi ambayo haijajazwa, hata kwa ndugu. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, aweke dole gumba, na aliyemsomea athibitishe hivyo kwa maandishi. Tafuteni mashahidi wawili wasio na maslahi kwenye mkopo, na waone kwa macho yao watu wakisaini. Shahidi aliyeletewa karatasi nyumbani kesho yake atabanwa kwa swali moja tu la wakili. Tengenezeni nakala mbili halisi. Baada ya hapo, kila malipo yawe na stakabadhi yenye tarehe na salio.

Asipolipa, usikimbilie polisi. Kushindwa kulipa deni ni shauri la madai. Jinai huingia pale alipokudanganya tangu mwanzo, kwa mfano kwa kitambulisho cha kughushi, na hapo upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi. Kwenye madai, inatosha maelezo yako yawe na uwezekano mkubwa kuliko yake. Mpelekee kwanza barua ya madai yenye kiasi, msingi wa deni na muda wa kulipa, mathalani siku 14, na utunze uthibitisho kwamba ameipokea.

Usikae na deni miaka na miaka ukimwonea haya. Sheria huweka ukomo wa muda wa kufungua shauri, na kwa kawaida saa huanza kuhesabu siku deni lilipotakiwa kulipwa. Ukishinda na bado halipi, rudi mahakamani uombe kukazia hukumu, ukitaja mali au mshahara wake unaoweza kukamatwa. Usiingie kwake kuchukua televisheni mwenyewe. Hapo mshtakiwa utakuwa wewe.