Kabla Hujapanda Kilima Kuzipiga Picha Ndege za Kivita

Kila nikirusha picha ya ndege ya kivita ikikata kona bondeni, lazima mtu aniulize lenzi ni ya milimita ngapi. Hakuna anayeuliza nilivaa viatu gani. Basi naandika leo mara moja ili nisije nikarudia kwa kila mtu. Mengi humu utayaona madogo. Moja lilinigharimu siku nzima, mafuta ya gari, na heshima yangu mbele ya shemeji.

Nazungumzia hasa Mach Loop, yale mabonde ya Wales yanayozunguka kati ya Dolgellau na Machynlleth. Marubani huja kujifunza kuruka chini humo, na ndege za kasi zinaruhusiwa kushuka hadi futi 250, kama mita 76 hivi kutoka ardhini. Wewe umesimama ubavuni mwa kilima, kwa hiyo ndege inapita usawa wa macho yako, au chini yako kabisa. Unauona mgongo wake. Unaiona helmeti ya rubani ikigeuka. Kwenye maonyesho ya ndege, hata ukilipa tiketi ya jukwaa, utaona tumbo tu.

Kwanza, nenda siku ya kazi. Mara ya kwanza nilikwenda Jumamosi kwa sababu ndiyo siku yangu ya mapumziko, nikakaa saa saba nikipiga picha kondoo. Mazoezi ya kuruka chini kwa kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa. Jeshi nalo halina biashara na likizo yako, kwa hiyo hata Jumatano yenye jua unaweza kurudi mikono mitupu. Ukiwa mtu wa kununa, baki nyumbani.

Pili, angalia mawingu, na usiangalie ya mjini kwako. Birmingham kunaweza kuwa na jua la kuanikia mpunga huku vilele vya Wales vimefunikwa blanketi. Wingu likishuka chini ya vilele, ndege haziingii bondeni. Safari yangu ya pili iliishia hapo: ukungu, mvua nyembamba, na chupa ya chai.

Betri za akiba, kadi tupu, maji, chakula. Sitaki kusikia.

Nguo: mimi mtoto wa Tanga, baridi nilijifunza ukubwani, kwa hiyo nisikilize. Unapanda ukitoka jasho, halafu unakaa tuli saa tano upepo ukikupiga kwenye jasho hilohilo. Beba koti la pili ndani ya begi, usilivae wakati wa kupanda. Beba kitu cha kukalia, majani hayakauki kule hata mwezi wa saba. Glovu zikatwe ncha ya kidole gumba na cha shahada. Na buti zenye meno. Nimemwona kijana mwenye raba nyeupe akishuka Cad West, ubavu wa kilima tunapokaa kupiga picha hapo Mach Loop, kwa makalio, kamera ameinua juu kama mtoto anayevushwa mto. Kamera ilipona. Suruali haikupona.

Mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, maana simu kule hushika mtandao inapotaka. Milango ya mazizi unayopita, ifunge kama ulivyoikuta. Kilima kina mwenyewe, kondoo wana mwenyewe. Gari liegeshe mahali pa kuegesha: kuziba lango la mkulima kwa sababu umechelewa ndiko kutakakotufungia njia sote.

Sasa kamera. Lenzi ya milimita 100 hadi 400 inatosha kabisa pale Cad. Usinunue mzinga kama wa wapiga picha za mpira halafu ukaishia kukata mabawa. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani. Ndege inatokea kwenye kona, inapita mbele yako na kupotea nyuma ya bega lako kwa sekunde chache, kwa hiyo unatakiwa kuzunguka nayo kwa kiuno, viwiko vimebana mbavuni. Stendi itakufunga kama mbuzi kwenye kigingi. Swichi ya fokasi iliyo ubavuni mwa lenzi ikague kila ukitoa kamera kwenye begi, huwa inasukumwa na zipu bila wewe kujua.

Mwanga nao una kiburi chake. Ndege za mafunzo aina ya Hawk kutoka kambi ya Valley, kisiwani Anglesey, zimepakwa rangi nyeusi. Mbele ya anga jeupe kamera inadanganyika na weupe wa anga, inakupa kivuli cheusi kama kunguru, ongeza mwanga. Mbele ya kilima chenye giza kamera inadanganyika upande wa pili, inaunguza picha, punguza. Jaribu kwa kunguru halisi kabla ya kazi kuanza. Wapo tele.

Nimefika kwenye lile lililoniumiza.

Ilikuwa safari ya tatu. Nilimshawishi kaka wa mke wangu twende wote, kwa sababu mbili: gari lake halinywi mafuta kama langu, na nilitaka mtu mmoja katika ukoo aelewe kwa nini nanunua lenzi badala ya kumalizia nyumba. Tuliondoka saa tisa usiku. Kufikia saa moja asubuhi tulikuwa tumekaa Cad West, ziwa la Tal-y-llyn liking'aa chini kama sinia. Karibu yetu alikaa mzee mmoja wa Kiwelsh mwenye kigoda cha kukunja na kikopo cha biskuti. Hakusema neno, ila alimsogezea shemeji kile kikopo.

Saa moja, saa mbili, saa tatu. Shemeji ananiangalia. Saa nne ikasikika ngurumo nzito, ya polepole. Nikajua hiyo si jeti, hiyo ni Hercules, ndege kubwa ya mizigo ya jeshi.

Hapa nikufundishe kidogo, maana ndiko kosa lilikozaliwa. Ndege ya pangaboi haipigwi kwa kasi ya shata unayotumia kwenye jeti; shata ni kile kidirisha cha kamera kinachofunguka na kujifunga unapopiga. Pangaboi za Hercules ya kisasa, yenye panga sita kila injini, huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kila sekunde. Ukipiga kwa 1/1600 ya sekunde, panga linakuwa halijasogea hata nyuzi nne. Kwenye picha linaonekana limesimama, na ndege inafanana na mwanasesere aliyening'inizwa kwa uzi. Ukishuka hadi 1/160 panga linasogea nyuzi 38 hivi, linakuwa moshi wa duara, na ndege inakuwa hai. Helikopta inataka chini zaidi, 1/100 na kushuka, na mkono usiotetemeka.

Nilijua yote hayo. Nikazungusha gurudumu dogo lililo chini ya kidole gumba, tak-tak-tak-tak, hadi 1/160. Hercules ikaja imelalia ubavu, nzito, imeficha ziwa zima. Nikapiga. Nikatazama kioo cha nyuma: duara nne za moshi, herufi za ubavuni zinasomeka. Nikamwita shemeji: njoo uone! Nikavuta picha, nikasogeza kushoto, nikasogeza kulia, najisifu.

Yule mzee akapaza sauti, neno moja tu.

Usitegemee masikio. Kilima kinaziba sauti, na jeti inatokea kwenye kona kabla ngurumo yake haijafika. Zilikuwa F-15 mbili za Wamarekani wa kambi ya Lakenheath, zimefuatana, ya kwanza imekwisha kuinamisha bawa. Nikanyanyua kamera, nikabana kidole, nikazunguka nazo vizuri kabisa, kwa kiuno, viwiko mbavuni. Picha arobaini na kitu. Moto wa injini, kishindo kifuani, shemeji akipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia hata siku ya harusi ya dada yake.

Arobaini na kitu, zote kwa 1/160.

Jeti inayokwenda mwendo wa noti 450, yaani kama kilomita 830 kwa saa, inasogea mita 230 kila sekunde. Kwa 1/160, ndege inakuwa imesogea karibu mita moja na nusu wakati shata bado iko wazi. Wapo mabingwa wanaoweza kuifuata kwa mkono laini kiasi hicho. Mimi niliyeshtushwa huku natazama picha zangu mwenyewe, si mmoja wao. Nilizipitia zote. Kijivu kilichopakaziwa juu ya kijani. Katika moja kulikuwa na kitu cheupe chenye umbo la yai, ambacho naamini ni helmeti. Basi.

Mzee akainama, akaangalia kioo changu, akaangalia namba zilizo juu ya kamera. Akasema kwa upole: rudisha gurudumu kwanza, picha hazikimbii.

Shemeji yeye alikuwa amerekodi kwa simu. Ya kawaida tu, kioo kimepasuka kona. Video ikatoka safi, ndege zote mbili, na sauti. Jioni ileile ilikuwa kwenye kundi la familia, na mama mkwe akauliza, sasa ile kamera kubwa ni ya nini?

Kwa hiyo sikiliza. Kamera nyingi zina nafasi za kuhifadhi mipangilio yako, zimeandikwa C1 na C2, nyingine U1 na U2. Weka ya jeti kwenye ya kwanza: 1/1600, fokasi ya kufuata kitu kinachotembea, picha mfululizo. Weka ya pangaboi kwenye ya pili. Kubadilisha kunakuwa mzunguko mmoja wa kidole, na kurudi mzunguko mmoja. Fanya zoezi nyumbani umefumba macho na umevaa glovu, pale sebuleni, watoto wakucheke. Ndege ikishapita, kidole gumba kirudi kwenye jeti kabla jicho halijaenda kwenye kioo. Picha utazitazama ukiwa kwenye gari.

Kwenye maonyesho rasmi, kama yale ya Fairford, Uingereza, kila mwezi wa saba, mambo ni mepesi kidogo kwa sababu ratiba ipo na ndege inarudi tena na tena. Tatizo lako kule ni jua na joto. Kabla hujatandika mkeka, jua liko upande gani saa nane mchana? Sehemu ya kukaa inayotazama kusini itakupa ndege zenye kivuli mchana kutwa. Joto la lami nalo linafanya hewa icheze, na ndege iliyo mbali ardhini itatoka kama inaungua kwenye mafuta. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo, piga asubuhi au subiri ije karibu. Waliokwenda kuziona F-5 za Kenya pale Uhuru Gardens wanalijua jua la Nairobi la saa sita. Kofia, mafuta ya ngozi, na vizibo vya masikio kwa watoto. Kwa watoto ni lazima.

Halafu sheria. Uingereza ukisimama kwenye njia ya wananchi hakuna wa kukusumbua, ila kusikiliza redio za marubani kwa kifaa ni kinyume cha sheria ya mwaka 2006, hata kama utakuta nusu ya kilima wana vifaa. Droni usiitaje. Ukivuka mpaka, anza kuuliza upya. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi wawili, watu wa kuandika namba za ndege kwenye daftari, walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakatuhumiwa upelelezi. Walikaa mahabusu wiki kadhaa, Aprili 2002 wakatiwa hatiani, na ni Novemba ya mwaka huo mahakama ya rufaa ilipowafutia hatia. Wagiriki hawakuelewa kwamba kuna mtu mzima anaandika namba za ndege kwa starehe. Sasa wewe jaribu kumweleza askari wa lango nyumbani kwetu, una lenzi ya urefu wa mkono na umejibanza nje ya uzio wa kambi. Nje ya maonyesho yaliyotangazwa, na bila kibali cha maandishi mkononi, kamera ikae begini.

Na usijibanze mahali ambapo ndege ikikosea itakukuta. Shoreham, Agosti 2015, ndege ya zamani aina ya Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko wake ikaanguka barabarani. Watu 11 walikufa, wote nje ya uwanja wa maonyesho. California, Julai 2019, F/A-18 iligonga ukuta wa korongo ambalo wapiga picha walikuwa wakilipenda kama sisi tunavyoipenda Cad. Rubani alikufa, watazamaji saba wakajeruhiwa, na sasa hapo ndege hazishuki tena chini kama zamani. Usisimame kwenye ncha ya mwamba. Usirudi kinyumenyume huku jicho liko kwenye kamera. Usishuke giza limeingia bila tochi, na tochi ya simu si tochi. Jaza mafuta kabla ya kuingia milimani. Usile biskuti zote saa mbili asubuhi.

Na funguo za gari ziwe kwenye mfuko wenye zipu. Hilo ameniambia shemeji niliandike, na hataki nieleze kwa nini.