Namna serveri ya biro itajifagia yenyewe dosie ya spamu bila kutupa barua ya mtu

Kama njo weye unachunga serveri ya imeili ya biro ndogo hapa Lubumbashi, jua tu kama watu hawafungui dosie ya spamu kwa kuifagia. Wanaifungua siku wanatafuta fakture imepotea, basi. Siku zingine zote ile dosie inanenepa polepole, diski inajaa, bakupu inakuwa nzito, na siku kota ya mtu inafika mwisho serveri inaanza kukataa hata imeili ya kazi, ile ya kliyan mwenye kulipa. Ku telefone njo mbaya zaidi juu wengi wetu tunasoma imeili na mega za kununua, na telefone zingine zinashusha dosie zote bila kuuliza, kwa hiyo mtu anamaliza mega zake juu ya matangazo ya bahati nasibu.

Kwa hiyo tufanye serveri ijifagie yenyewe. Komande yenyewe ni moja tu, haina ngumu. Shida iko ku kuhesabu siku: unasema "futa yenye kupita siku 30", sawa, lakini siku 30 tangu lini? Hapo njo nitakawia, juu hapo njo barua ya mtu inapotea kweli kweli.

Mimi naandika juu ya Debian 12 yenye Postfix (inapokea na kutuma imeili) na Dovecot (inaziweka na kuzionyesha watu), na Rspamd ao SpamAssassin ya kuchuja, maana biro nyingi ndogo zinafanya hivyo. Debian 12 iko na Dovecot 2.3. Angalia yako:

dovecot --version

Ukiona 2.4, ujue walibadilisha sana namna ya kuandika konfigirasio, kwa hiyo usikopi vile vipande vya konfigirasio hapa chini mbele ya kusoma maelezo ya 2.4.

Kwanza ujue dosie yenyewe inaitwa namna gani. Hii watu wanairuka, kiisha wanashangaa juu ya nini hakuna kitu kimefutika. Kwa sisi wenye kutumia kompyuta za Kifaransa kila programu inakuja na jina lake, unaweza kukuta mtu mmoja iko na Junk, mwenzake Spam, mwingine "Courrier indésirable", na mwingine iko nazo zote tatu juu alitumia Outlook, kiisha Thunderbird, kiisha telefone. Piga hii (doveadm njo komande ya kuongoza Dovecot):

doveadm user '*'
doveadm mailbox list -u kasa@biro.example

Ya kwanza inaonyesha konti zote, ya pili inaonyesha dosie za mtu mmoja (ile anwani ni mfano tu, weka ya kwako). Kama ile ya kwanza haitoi kitu, Dovecot haijui kuorodhesha watu, na hapo komande yoyote yenye -A (maana yake watu wote) haitafanya kazi. Kama konti zako ziko mu SQL (baze ya data), tafuta iterate_query na uijaze. Tena usiogope ukiingia mu Maildir (fasi ya diski yenye Dovecot inaweka kila imeili mu fishie yake) na kukuta dosie imeandikwa ".Courrier ind&AOk-sirable", hiyo ni é tu vile IMAP inaiandika ku diski. Weye mu komande andika jina la kawaida na é yake.

Dawa ya kudumu ni kuambia programu zote dosie ya spamu ni ipi, kupitia ile alama ya \Junk yenye kutoka mu RFC 6154 (kanuni ya intaneti) ya mwaka 2011. Mu fishie /etc/dovecot/conf.d/15-mailboxes.conf, ndani ya namespace inbox:

mailbox Junk {
  auto = subscribe
  special_use = \Junk
}

Programu za sasa nyingi zinaiheshimu na zinaacha kujitengenezea dosie zao. Lakini zile za zamani zitabakia pale, itabidi uzifagie pia.

Sasa tarehe. Dovecot inajua tarehe tatu za imeili moja na hazifanani hata kidogo.

sentbefore inaangalia tarehe yenye mtumaji aliandika mwenyewe mu imeili. Usiiguse kwa kazi hii. Mwenye kutuma spamu anaandika tarehe anayotaka, ataweka mwaka 2037 na spamu yake haitafutika, ao ataweka 1999.

before inaangalia siku serveri ilipokea imeili. Hii njo yenye kudanganya watu juu inaonekana ya akili. Fikiria biro ya deklaran mwenye kupitisha mizigo Kasumbalesa. Mu mwezi wa 6 mama wa kontabilite anatafuta barua ya mwezi wa 3 ya ajenti wa Dar es Salaam, anaifungua ku telefone, kidole kinateleza, barua inaingia mu spamu. Hajaona. Ile barua kwa before iko na miezi mitatu tayari, kwa hiyo usiku uleule inafutika, na hakuna kapu ya kuitafuta ndani yake, expunge, ile komande ya kufuta, inafuta moja kwa moja. Kuhamisha imeili toka dosie moja kwenda ingine hakubadilishi siku ya kupokelewa, njo maana.

savedbefore inaangalia siku imeili iliingia mu ile dosie. Barua ya mama inaanza kuhesabiwa siku kidole kiliteleza, iko na siku 30 zote za kuonekana kama inakosekana. Hii njo ya kutumia, na kama utashika kitu kimoja tu mu haya yote shika hii.

Na hapo hapo niseme juu ya ile desturi ya kupiga find mu Maildir na -mtime +30 -delete, utaikuta fasi nyingi. Mu Maildir ya Dovecot mtime ya fishie njo tarehe ya kupokea, kwa hiyo ni ile ile before kwa mlango wa nyuma. Zaidi ya hapo Dovecot haijui kama umefuta, hesabu ya kota inaweza kubakia ya uongo mpaka ihesabiwe upya, na kama siku moja ulihamia mdbox (namna ingine ya kuweka imeili) utaharibu kabisa juu pale imeili nyingi zinakaa mu fishie moja. Tumia doveadm. Iko pale kwa kazi hiyo.

Mbele ya kufuta, angalia. Kwa mtu mmoja kwanza:

doveadm fetch -u kasa@biro.example "hdr.from hdr.subject date.saved" mailbox Junk savedbefore 30d | less

Soma ile liste kwa macho yako, ao bora zaidi mwite mwenye konti akae pembeni yako, juu weye huwezi kujua kama ile imeili yenye kichwa "RE: camion" ni takataka ao ni roli yenye kulala mpakani inangoja karatasi. Ukikuta ya kweli iko ndani, mwenyewe airudishe mu inbox. Kama Rspamd ao SpamAssassin yako inajifunza pale watu wanahamisha imeili, ile kurudisha inaifundisha, na kufagia baadaye hakufuti yenye ilijifunza, inaiweka pembeni. Kama unaifundisha na skripti ya usiku yenye kusoma dosie ya spamu, ile skripti ipite mbele ya kufagia, si nyuma.

Ukitaka kuona uzito wa dosie kwa kila mtu:

doveadm -f table mailbox status -A "messages vsize" Junk

Weka matokeo mu fishie fulani, utalinganisha kiisha.

Halafu futa, bado kwa mtu mmoja:

doveadm expunge -u kasa@biro.example mailbox Junk savedbefore 30d

Kitu kizuri ni kama expunge inakataa kazi kama hujaandika jina la dosie na sharti lingine moja zaidi, kwa hiyo hata ukisahau savedbefore haitakula dosie nzima. Lakini haitakuzuia kuandika INBOX fasi ya Junk, kwa hiyo soma mara mbili mbele ya kupiga Enter. Ikienda vizuri, badilisha -u na -A, ni watu wote. Wenye mdbox waongeze doveadm purge -A, bila hiyo diski haitapata nafasi hata kidogo.

Kuifanya ijiendeshe kuna njia mbili. Ya kwanza ni mustari mmoja tu, unaongeza mu ile mailbox Junk ya juu:

  autoexpunge = 30d

Iko tangu Dovecot 2.2.20, inahesabu na siku ya kuingia mu dosie kama savedbefore, na haitaki cron (ile programu ya kupiga kazi kwa saa zake). Ila haifanyi kazi saa fulani, inafanya pale mtu anafunga kikao chake, kwa hiyo konti ya mtu aliyetoka biro na hakuna mwenye kuifungua inaweza kubakia imejaa vilevile. Na inaangalia ile Junk tu, zile dosie za majina mengine hapana, paka uziandikie kila moja mailbox yake.

Njia ya pili ni skripti, na kwa hapa kwetu mimi naipenda zaidi juu ya umeme na saa. Tengeneza /etc/cron.daily/fagia-spamu:

#!/bin/sh
[ "$(timedatectl show -p NTPSynchronized --value)" = "yes" ] || exit 0
for d in Junk Spam "Courrier indésirable"; do
  doveadm expunge -A mailbox "$d" savedbefore 30d
done

Kiisha chmod 755. Jina lisiwe na nukta: ukiiita fagia-spamu.sh Debian itairuka kimya kimya, run-parts, yenye kupiga skripti za cron.daily, haisomi majina yenye nukta.

Ku Debian cron.daily inapita saa 6:25 za asubuhi kwa saa ya mashini. Kama delestaji ilizima serveri hiyo saa, siku hiyo imepita bure, na kama umeme unakatika kila asubuhi basi haitapita kabisa na utafikiri iko inafanya kazi. Njo maana weka anacron:

apt install anacron

Hiyo inakumbuka kazi yenye haikufanyika na inaifanya pale mashini inawaka. Kama serveri yako ni laptopu, jua kama anacron haianzi kazi mashini ikiwa ku batri, inangoja umeme urudi.

Ule mustari wa timedatectl usiutoe. Mashini za zamani pila yake ya saa, ile ya mviringo CR2032, ikikufa, saa inaweza kurudi nyuma kila umeme ukikatika. Serveri inaamka inafikiri iko mwaka wa zamani, imeili zenye kuingia hapo zinapigwa tarehe ya zamani, kiisha intaneti inarudi saa inajirekebisha, na sasa zile imeili za leo zinaonekana ziko na miaka. Kusafisha kukipita, zimeenda. Ule mustari unazuia kusafisha kama saa haijalingana na intaneti, itajaribu tena kesho. Lakini hauponyeshi tarehe zenye ziliharibika tayari, kwa hiyo ukiona saa inarukaruka zima kusafisha kwanza, nunua pila. Inapatikana fasi wanatengeneza saa na telefone.

Na ukiwa hapo weka saa ya huku:

timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi

Serveri nyingi ziko na Africa/Kinshasa juu mwenye kuweka Debian alichagua ya kwanza aliyoona. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Kwa siku 30 haibadilishi kitu, lakini siku unasoma logi kutafuta barua ya saa nne itakuzungusha.

Kuhusu zile siku 30: ziache. Kuna mwenye anatumia 7 juu diski iko ndogo. Mtu akienda konje wiki mbili, ao akagonjwa, anarudi na hakuna kitu cha kuangalia. Kama nafasi ni shida kweli shuka mpaka 21, chini ya hapo tafuta diski ingine.

Usiwashe bila kuambia watu. Andika barua fupi, itume kwa wote wiki moja mbele, na uwaambie ana kwa ana pia juu kuna wale hawasomi barua ya informatike:

"Ba kolege, kuanzia tarehe moja ya mwezi wenye kuja, barua yenye imekaa siku 30 mu dosie ya spamu itafutwa na serveri yenyewe na haitarudi. Tafadhali fungua ile dosie mbele ya hapo, kama kuna barua ya kazi irudishe mu inbox. Kwa wenye kushindwa, kujeni nitawasaidia."

Utakuta kuna mzee ao mama anaweka barua mu spamu kwa makusudi, ili zisimusumbue mu inbox lakini azikute kiisha. Musikilize, mutengenezee dosie yake ya Archives, muhamishe pamoja, mbele ya kuwasha. Kwa sababu hiyo hiyo usiongeze Trash mu ile liste ya skripti siku hiyo hiyo. Mu biro nyingi Trash njo arshive ya kweli ya watu, hata kama haipaswi, na hiyo inataka mazungumzo yake peke yake.

Kiisha wiki moja rudia ile mailbox status yenye -A, linganisha na ile uliweka pembeni. Konti yenye haijashuka hata kidogo, angalia jina la dosie yake, mara nyingi iko ingine yenye hukuandika.