Somo: Jioni moja ya kula na kunywa Osaka, kituo kwa kituo

Wageni wengi wakifika Osaka hukimbilia Dotonbori, mtaa wa starehe kando ya mfereji. Wanapiga picha na yule mkimbiaji wa kwenye bango kubwa la Glico, kampuni ya peremende, wanapanga foleni kwenye kibanda cha kwanza wanachokiona, wanashiba, basi, siku imekwisha. Dotonbori ni ya macho. Tumbo lina njia yake, nayo kwa maoni yangu inafuata treni ya mzunguko ya JR, kampuni ya reli, ile wenyeji wanayoiita Kanjo-sen.

Kanuni ni moja tu: usishibie mahali pamoja. Kula kidogo, lipa, toka, panda treni.

Hatua ya 1: Jiandae

Beba pesa taslimu, hasa noti za yeni 1,000 na sarafu. Vijiwe vingi vidogo havitaki kadi, na mashine za kuuza tiketi za chakula mara nyingi hukataa noti kubwa. Nunua kadi ya treni ya ICOCA, uguse uingie, uguse utoke. Anza saa tisa au saa kumi alasiri, kabla waajiriwa hawajatoka makazini. Na asubuhi usijaze tumbo.

Hatua ya 2: Shin-Imamiya, mtaa wa Shinsekai

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Ukitoka kituoni utauona mnara wa Tsutenkaku, wa mwaka 1956, urefu wake mita 108. Usiufuate kwanza. Ingia kichochoro cha Jan Jan Yokocho, chembamba, kimeezekwa juu, wazee wanacheza shogi, sataranji ya Kijapani, nyuma ya vioo na pembeni mafuta yanachemka.

Chakula cha hapa ni kushikatsu: nyama ya ng'ombe, kitunguu, kamba, mzizi wa yungiyungi, yai la kware, kila kimoja kwenye kijiti chake, kimechovywa kwenye uji wa unga, kikagaragazwa kwenye chenga laini za mkate na kukaangwa. Agiza vitano kwanza. Usiache tangawizi nyekundu iliyosindikwa, beni-shoga. Inakuja chachu na chumvi, inakata mafuta yote mdomoni.

Sasa adabu. Zamani kila kaunta ilikuwa na bakuli la sosi la watu wote, na sheria imeandikwa ukutani: unachovya mara moja, kabla hujang'ata. Tangu korona maduka mengi yamehamia kwenye chupa, unajimiminia mwenyewe. Ukilikuta bakuli, na sosi haijakutosha, chukua kipande cha kabichi mbichi kilichowekwa mezani, chota nacho, mwagia. Ukirudisha kijiti ulichokwisha kung'ata utakemewa, na utakuwa umestahili.

Agiza pia doteyaki. Ni kano za ng'ombe zilizopikwa polepole kwenye miso nyeupe tamu, yaani rojo la soya lililochachushwa, hadi zikawa laini kabisa. Tazama sufuria: kingo zake zimeganda miso ya rangi ya kahawia, katikati panachemka taratibu, na mpishi anasukuma vijiti kutoka pembeni kwenda katikati bila kuacha mazungumzo. Bia ya baridi hapa ni halali yake.

Hatua ya 3: Tsuruhashi

Panda treni inayopitia kituo cha Tennoji. Ukishuka Tsuruhashi, moshi wa nyama choma unakupokea jukwaani kabla hujatoka. Huu ni mtaa wa Wakorea, wengi wao wazee wao walivuka kutoka kisiwa cha Jeju tangu miaka ya 1920 meli zilipoanza kuja moja kwa moja. Pita sokoni, onja kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachushwa, kula kipande cha chijimi, chapati ya Kikorea, umesimama. Nyama yenyewe iache kwa siku nyingine. Ukikaa kwenye jiko la yakiniku, nyama choma ya mezani, safari imeishia hapo.

Hatua ya 4: Kyobashi, baa za kusimama

Hizi huitwa tachinomi. Nyingine hufunguliwa asubuhi, kwa ajili ya waliokesha kazini. Hakuna viti. Unasogea kaunta, unasema "nama" kwa bia ya pipa, unaonyesha kidole kwenye sahani za kioo: jodari mbichi, saladi ya viazi, tofu ya soya. Watu wakizidi, kila mmoja anageuka ubavu ili wengine wapate upenyo; nawe geuka. Kinywaji kimoja au viwili, vitafunwa viwili, inatosha. Anayeng'ang'ania kaunta saa nzima kwa glasi moja anajulikana haraka.

Hatua ya 5: Tenma, malizia

Kituo cha Tenma kiko jirani na Tenjinbashi-suji, mtaa wa maduka ulioezekwa wenye urefu wa kilomita 2.6 hivi, mrefu kuliko yote ya aina yake Japani. Vichochoro vya pembeni ndivyo vyenye baa. Ila kwanza tafuta takoyaki, vitumbua vya pweza. Chuma chake kina vishimo kama cha vitumbua, uji wa unga na supu unamiminwa, kipande cha pweza kinatumbukizwa, na kijana mwenye sindano mbili anageuza kimoja baada ya kingine hadi mviringo ukamilike. Duka la Aizuya la hapa Osaka ndilo linalotajwa kuanza kutia pweza, mwaka 1935, na mpaka leo takoyaki yao inaliwa bila sosi. Utoboe kwanza, upoe. Ndani ni uji wa moto mtupu.

Ukibaki na nafasi, funga na kitsune udon: tambi nene, supu ya mwani wa kombu, na tofu ya kukaanga yenye utamu. Treni za mwisho ni kama saa sita usiku, angalia ratiba kabla ya glasi ya mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti Pangani: Asante kwa somo, kaka. Sisi tunakula halali. Tuna letu hapo?

Jibu: Dada, nikuambie ukweli: njia hii kama ilivyo si yenu. Mafuta ya kushikatsu mara nyingi ni ya mnyama, na nguruwe hukaangwa humo humo. Supu nyingi hutiwa mirin, kiungo kitamu cha mchele, ambacho kina kilevi, kwa hiyo hata udon iulize. Nendeni mitaa ya Namba na Shinsaibashi, kuna migahawa yenye cheti cha halali, hata ya rameni. Na karibu na msikiti wa Osaka, kule Nishiyodogawa, kuna vyakula vya halali pia.

Mgeni wa Nagoya: Mkuu, nimekaa baa moja nikaletewa kibakuli cha mboga sikukiagiza, kikaja kwenye bili yeni 400. Nimepigwa?

Jibu: Hujapigwa. Huitwa otoshi, ni kama kodi ya kiti kwenye baa za kukaa. Kwenye baa nyingi za kusimama haipo, sababu nyingine ya kuzipenda. Usipoitaka, uliza kabla hujakaa.

Mzee wa Kahawa: Mimi sinywi pombe. Nikienda na wenzangu nitaonekana kikwazo?

Jibu: Hapana mzee wangu. Agiza chai ya oolong ya baridi, hakuna atakayekutazama mara mbili. Ukiwa Shinsekai pita Sennariya, duka la kahawa la miaka mingi, unywe juisi ya matunda mchanganyiko na maziwa. Msimu wa joto tafuta hiyashi-ame, sharubati ya tangawizi. Wewe utaipenda zaidi ya sisi wengine.

Mwanafunzi Minoh: Naongezea: Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada. Msishangae mtu akiwaitikia kaunta.

Jibu: Kweli kabisa, umbea uwe wa sauti ya chini.

Mama Wawili: Nina mtoto wa miaka minane. Moshi wa sigara je?

Jibu: Tangu Aprili 2025, mkoa wa Osaka unazuia kuvuta ndani ya migahawa yenye eneo la wateja zaidi ya mita 30 za mraba, isipokuwa kwenye chumba maalumu. Vijiwe vidogo sana bado vinaweza kuruhusu, na mlangoni huwa kuna kibandiko, kisome kwanza. Mtoto mpeleke Shinsekai mchana na Tenma kwa takoyaki. Kyobashi ruka, na baa za kusimama usiku si pake.